Namba Hii ni ya Nini? Namna ya Kufanya Mafumbo ya Hesabu Hatua kwa Hatua

Mtoto wa darasa la tano anayezidisha 2,800 kwa 3 bila kusita anaweza kukwama kabisa akisoma kwamba mama amenunua kilo 3 za sukari kwa shilingi 2,800 kila kilo. Tendo ni lilelile, ila safari hii alama ya kuzidisha haikuandikwa, na kwa kuwa hajui aanzie wapi, hudaka namba mbili za kwanza anazoziona na kuzifanyia tendo ambalo mwalimu alikuwa akilifundisha wiki hiyo. Maswali ya namna hii huitwa mafumbo katika shule za msingi za Tanzania, na nadhani jina lenyewe limewaponza wanafunzi wengi, kwa sababu huwafanya waamini kwamba ndani ya swali kuna siri ambayo wenye akili nyingi pekee ndio huigundua, ilhali kila kinachohitajika kimekwisha kuandikwa palepale kwa Kiswahili cha kawaida.

Nimekuwa nikikaa na watoto wa mtaani kwetu jioni wanapofanya kazi za nyumbani, na katika makosa yao, yale ya kujumlisha au kuzidisha vibaya ni machache kuliko yale ya kupoteza maana ya namba katikati ya njia. Mtoto huanza na magunia, akaendelea na namba tupu, akaishia na shilingi, asijue alibadili wapi. Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya swali moja ambalo mwanafunzi anapaswa kujiuliza katika kila mstari anaouandika: namba hii ni ya nini? Mzazi anayemsaidia mwanawe halazimiki kukumbuka kanuni zote za darasa la saba. Akiweza kuuliza swali hilo kwa upole na kusubiri jibu bila kumnyang'anya mtoto kalamu, amesaidia vya kutosha.

Kabla ya kuandika namba yoyote

Swali lisomwe mara mbili. Mara ya kwanza lisomwe kama kisa, ili mwanafunzi aweze kueleza kwa maneno yake nani amefanya nini. Ukitaka kujua kama ameelewa, funika swali kwa kiganja na umwombe akusimulie. Mara ya pili aandike kinachoulizwa kwa sentensi kamili, akiacha nafasi ya jibu. Sentensi hiyo iandikwe kabla ya hesabu yoyote, kwa kuwa ndiyo itakayomwambia baadaye kama amefika au bado yuko njiani.

Tuchukue mfano. Mama alinunua kilo 3 za sukari kwa shilingi 2,800 kila kilo, na lita 2 za mafuta ya kula kwa shilingi 6,500 kila lita. Alimpa mwenye duka noti tatu za shilingi 10,000. Alirudishiwa chenji kiasi gani? Mwanafunzi aanze kwa kuandika "Mama alirudishiwa shilingi ……", kisha afanye kazi yake hivi:

Bei ya sukari: 3 × 2,800 = sh. 8,400
Bei ya mafuta: 2 × 6,500 = sh. 13,000
Bei ya vitu vyote: 8,400 + 13,000 = sh. 21,400
Fedha alizotoa mama: 3 × 10,000 = sh. 30,000
Chenji: 30,000 − 21,400 = sh. 8,600

Kila mstari umeanza na jina la kitu kinachotafutwa, na kila mstari una tendo moja tu. Namba 3 imetokea mara mbili, mara ya kwanza ikiwa ya kilo na mara ya pili ikiwa ya noti, na hiyo ya pili haikuandikwa kwa tarakimu bali kwa neno "tatu". Watoto wanaowinda tarakimu huiruka, wakatoa 21,400 kwenye 10,000, wakashangaa kwamba haitoshi, kisha wakageuza ili namba ndogo itoke kwenye kubwa na kupata 11,400. Anayejiuliza "10,000 hii ni ya nini?" atajibu kwamba ni ya noti moja, na hapo atakumbuka kwamba noti zilikuwa tatu.

Kosa jingine la uandishi ambalo walimu wengi hulifumbia macho ni kuunganisha matendo kwa alama ya sawasawa, kwa mfano 3 × 2,800 = 8,400 + 13,000 = 21,400. Alama hiyo inasema kwamba kilicho upande wa kushoto kinalingana na kilicho upande wa kulia, na 3 × 2,800 hailingani na 21,400 hata kidogo. Jibu litatoka sawa leo, lakini mtoto aliyezoea kuandika hivyo atapata taabu kubwa atakapofika kwenye milinganyo, ambako alama ya sawasawa ndiyo nguzo ya kazi nzima.

Kutoa 21,400 kwenye 30,000 kunahitaji kukopa kwa kupita kwenye sifuri, na hapo ndipo kifutio hutoboa daftari. Mwenye duka hafanyi hivyo. Anaanza na 21,400, anaongeza 600 kufika 22,000, halafu anaongeza 8,000 kufika 30,000, na chenji ni 8,600. Njia hiyo ni hesabu halali kabisa, na mwanafunzi anaweza kuitumia kuhakiki jibu alilolipata kwa kukopa.

Maneno yasiyotii amri

Baadhi ya vitabu vya mazoezi huwafundisha watoto kwamba wakiona "jumla" au "zaidi" wajumlishe, na wakiona "baki" au "pungufu" watoe. Kanuni hiyo hufanya kazi mpaka siku itakapoacha kufanya kazi, na siku hiyo kwa kawaida ni ya mtihani. Juma ana maembe 30, nayo ni maembe 12 zaidi ya yale ya Ali. Ali ana mangapi? Neno "zaidi" limo, lakini aliye na zaidi ni Juma, kwa hiyo maembe ya Ali ni 30 − 12, yaani 18. Badala ya kufuata neno, mwanafunzi ajiulize kwanza nani ana nyingi na nani ana chache, akadirie jibu kuwa kubwa au dogo kuliko 30, ndipo achague tendo.

Kugawanya nako kuna mtego wake, ambao ni baki. Wanafunzi 130 wanakwenda ziara na kila basi linachukua 45. Je, yanahitajika mabasi mangapi? Ukigawanya, 130 ÷ 45 ni 2, baki 40. Baki hiyo ni ya nini? Ni ya wanafunzi 40 waliosimama nje ya lango, na hawawezi kuachwa, kwa hiyo mabasi ni 3. Sasa badilisha kisa: fundi ana kamba ya sentimita 130 na anakata vipande vya sentimita 45; atapata vipande kamili vingapi? Hesabu ni ileile, lakini safari hii jibu ni 2, na zile sentimita 40 ni kipande cha kamba kisichotosha.

Kuhusu MAGAZIJUTO

Karibu kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anakijua kifupisho hiki: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kinasaidia, lakini kikifuatwa kwa ukali kina kasoro moja ambayo haisemwi mara nyingi. Chukua 12 − 5 + 3. Anayekitii neno kwa neno atajumlisha kwanza 5 na 3, apate 8, kisha atoe 8 kwenye 12 na kupata 4. Jibu sahihi ni 10, kwa sababu kilichotolewa ni 5 tu, na 3 inaongezwa. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, kwa hiyo vikikutana hufanywa kuanzia kushoto kwenda kulia. Au, kwa anayependa kujumlisha kwanza, namba ibebe alama iliyo mbele yake, ili 12 na 3 zijumlishwe kuwa 15, kisha 5 itolewe.

Kugawanya na kuzidisha navyo vina cheo kimoja, lakini huko kutanguliza kugawanya hakuleti madhara: 24 ÷ 4 × 2 hutoa 12 kwa njia zote mbili, na 6 × 8 ÷ 4 vilevile hutoa 12. Aliyetunga kifupisho alikuwa na bahati, au alijua alichokuwa akikifanya, alipoiweka GA kabla ya ZI.

Sehemu, na hasa sehemu ya kilichobaki

Sehemu huanza kuwa ngumu pale mtoto anapoziona kama namba mbili zilizopandana, na siyo kama namba moja. Akiulizwa nusu ya chapati ukijumlisha na theluthi ya chapati hiyohiyo ni kiasi gani, hujumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili na kuandika 2/5. Usimkatalie haraka. Mwulize kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu. Ni ndogo, na haiwezekani mtu mwenye nusu ya chapati aongezewe kipande halafu abaki na pungufu ya nusu. Hapo atakuwa tayari kusikia kwamba vipande havijumlishiki mpaka viwe vya ukubwa mmoja, na kwamba Kigawe Kidogo cha Shirika cha 2 na 3, yaani KDS, ambacho ni 6, namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 2 na kwa 3, ndicho kinachotuonyesha ukubwa huo. Nusu ni vipande 3 vya moja ya sita, theluthi ni vipande 2 vya moja ya sita, na jumla ni 5/6.

Fumbo linalowaangusha wengi zaidi ni la aina hii. Mkulima alivuna magunia 60 ya mahindi. Aliuza 2/5 ya magunia hayo, kisha akaweka 1/4 ya yaliyobaki kwa chakula cha nyumbani, na mengine akayahifadhi ghalani. Je, ni magunia mangapi yaliyohifadhiwa?

Mtoto mwenye haraka huzidisha 60 kwa 2/5 na kupata 24, huzidisha 60 kwa 1/4 na kupata 15, kisha hutoa zote mbili na kubakiwa na 21. Matendo yote ni sahihi, na jibu si sahihi. Swali letu likiulizwa, kosa linajitokeza lenyewe: 1/4 ni ya nini? Si ya mavuno yote bali ya yaliyobaki, na yaliyobaki hayajatafutwa bado.

Magunia yaliyouzwa: 2/5 × 60 = 24
Yaliyobaki baada ya kuuza: 60 − 24 = 36
Ya chakula: 1/4 × 36 = 9
Yaliyohifadhiwa: 36 − 9 = magunia 27

Kwa mwanafunzi ambaye bado haoni, mchoro hufanya kazi kuliko maelezo. Achore mstatili mrefu na kuugawa vyumba 5 vilivyo sawa, na kwa kuwa magunia yote ni 60, kila chumba kina magunia 12. Apake kivuli vyumba 2 vya yaliyouzwa. Vimebaki vyumba 3 vyeupe, na hivyo ndivyo vinavyogawanywa kwa 4. Akishaona kwa macho kwamba robo inakatwa kwenye vyeupe tu, hasahau kwa urahisi.

Mtahini akitaka kulifanya fumbo hili liwe gumu hulisoma kinyumenyume: aliyahifadhi magunia 27, je, alivuna mangapi? Hapo mwanafunzi arudi nyuma hatua moja moja kama mtu anayefuata nyayo zake. Magunia 27 ni 3/4 ya yaliyobaki baada ya kuuza, kwa hiyo robo moja ni 9 na zote nne ni 36. Hayo 36 ni 3/5 ya mavuno, kwa hiyo moja ya tano ni 12 na zote tano ni 60. Tazama kwamba hakukuhitajika kanuni mpya. Mchoro uleule ulisomwa kutoka mwisho.

Asilimia ya nini?

Asilimia ni sehemu yenye asili 100, na kama ilivyo kwa kila sehemu, haina maana mpaka ijulikane ni ya kitu gani. Mfanyabiashara alinunua kitenge kwa shilingi 12,000 na kukiuza kwa shilingi 15,000. Faida yake ni shilingi 3,000. Katika hesabu za shule, asilimia ya faida hupigwa juu ya bei ya kununulia, kwa kuwa ndiyo fedha aliyoitoa mfukoni, kwa hiyo ni 3,000 ÷ 12,000 × 100, yaani asilimia 25. Anayegawanya kwa 15,000 hupata 20, na kwa bahati mbaya 20 ni namba nzuri isiyotia shaka, tena mtahini mzoefu huiweka miongoni mwa majibu ya kuchagua.

Mfano unaonishangaza kila mara, ingawa nimeufundisha mara nyingi, ni huu: muuzaji alipandisha bei ya viatu vya shilingi 10,000 kwa asilimia 20, kisha wateja wakapungua, akaishusha kwa asilimia 20. Karibu kila mtu, na watu wazima wakiwemo, husema bei imerudi pale ilipokuwa. Lakini asilimia 20 ya kwanza ilikuwa ya 10,000, nayo ni 2,000, hivyo bei ikawa 12,000. Asilimia 20 ya pili ni ya 12,000, nayo ni 2,400. Viatu sasa vinauzwa shilingi 9,600.

Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi huiita VAT, inatoa zoezi la kweli kwa wanafunzi wa madarasa ya juu. Kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Tuseme feni imeuzwa kwa shilingi 59,000 pamoja na kodi hiyo; bei kabla ya kodi ilikuwa ngapi? Wengi hutafuta asilimia 18 ya 59,000, ambayo ni 10,620, wakaitoa na kubaki na 48,380. Hapo asilimia 18 imechukuliwa juu ya kitu kisicho chake, kwa sababu kodi ilipigwa kwenye bei ya awali, wala haikupigwa kwenye bei iliyokwisha kutiwa kodi. Bei ya awali ni asilimia 100, kodi ni asilimia 18, na 59,000 ni asilimia 118. Asilimia 1 ni 59,000 ÷ 118, yaani 500, na asilimia 100 ni shilingi 50,000. Ukitaka uhakika, tafuta asilimia 18 ya 50,000, ambayo ni 9,000, uiongeze, na 59,000 itarudi yenyewe.

Saa na dakika

Katika muda, watoto wetu wana faida ambayo mara nyingi hatuitumii. Basi liliondoka Dodoma saa 12:15 asubuhi na kufika Mwanza saa 9:40 alasiri. Safari ilichukua muda gani? Mtoto akitoa 12 kwenye 9 anakwama. Lakini saa ya Kiswahili huanza kuhesabu asubuhi, na saa 12 asubuhi ni mwisho wa usiku na papo hapo ni mwanzo wa mchana, kwa hiyo 12:15 asubuhi inaweza kuandikwa 0:15. Kinachobaki ni 9:40 kutoa 0:15, yaani saa 9 na dakika 25.

Swali likitaka mtindo wa saa 24, saa za mchana huongezwa 6 na saa za usiku huongezwa 18, na jumla ikifika 24 au kuzidi, 24 hutolewa. Saa 9:40 alasiri ni 15:40; saa 2 usiku ni 20:00; saa 11 alfajiri ni 11 + 18, yaani 29, ambayo ukitoa 24 ni 5:00.

Hatari kubwa ipo kwenye kukopa. Kipindi kilianza saa 2:50 na kuisha saa 5:20. Dakika 20 hazitoshi kutolewa 50, basi mtoto hukopa saa moja na, kwa mazoea, huigeuza kuwa 100, akapata 120 kutoa 50 na kuandika saa 2 na dakika 70. Saa aliyoikopa ni ya dakika 60, kwa hiyo dakika zilikuwa 80, na jibu ni saa 2 na dakika 30. Vivyo hivyo dakika 45 si 0.45 ya saa bali ni robo tatu, yaani 0.75. Gari lililokwenda kilomita 60 kwa dakika 45 lilikuwa na mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na anayegawanya 60 kwa 0.45 hupata zaidi ya kilomita 133 kwa saa, namba ambayo dereva wa basi angeulizwa nayo na askari wa usalama barabarani.

Shamba la mstatili

Mzingo wa shamba la mstatili ni mita 200, na urefu wake unazidi upana kwa mita 20. Tafuta eneo lake. Kosa la kwanza hapa ni kusahau kwamba mzingo ni wa pande zote nne, hivyo urefu mmoja na upana mmoja ni nusu yake, yaani mita 100. Tuite upana u. Urefu ni u + 20, na jumla yao ni 2u + 20 = 100. Ukitoa 20 pande zote, 2u = 80, na u = 40. Upana ni mita 40, urefu ni mita 60, na eneo ni 40 × 60 = mita za mraba 2,400. Herufi u haipaswi kumtisha mtu. Ni jina la muda la namba ambayo bado hatujaijua, na ukiulizwa ni ya nini, utajibu kwamba ni ya mita za upana.

Kama mtoto anakaa kijijini, mpeleke mbele kidogo na umwulize shamba hilo ni ekari ngapi. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,047, kwa hiyo shamba letu limezidi kidogo nusu ekari. Atakwambia, na atakuwa sahihi, kwamba wazee hupima ekari kwa hatua 70 kwa hatua 70. Hatua ya mtu mzima anayetembea kwa kujinyoosha ni kama sentimita 91, hivyo hatua 70 ni karibu mita 64, na 64 kwa 64 ni kama mita za mraba 4,100. Kipimo cha wazee kiko karibu sana. Lakini mtoto akipima mwenyewe kwa hatua za sentimita 60, upande utakuwa mita 42 na eneo mita za mraba 1,764, ambayo haifiki hata nusu ekari. Pia mtahadharishe kwamba neno "heka" mtaani humaanisha ekari, ilhali hekta ni mita za mraba 10,000, karibu ekari mbili na nusu.

Kulirudisha jibu ndani ya swali

Jibu likipatikana, mwanafunzi arudi kwenye sentensi aliyoiandika mwanzoni, ajaze nafasi, na aisome yote kwa sauti. "Kipindi kilichukua saa 2 na dakika 70" hujikataa yenyewe inaposomwa. Kisha akadirie: sukari ya karibu 3,000 mara 3 na mafuta ya karibu 6,500 mara 2 ni kama 22,000, kwa hiyo chenji ya elfu 8 na kitu inaelekea. Watu 6 wakilima shamba kwa siku 8, watu 4 wenye kasi ileile hawawezi kulimaliza kwa siku chache zaidi, kwa hiyo anayepata siku 5 na ushei ajue amegawanya pasipostahili. Kazi yote ni ya siku 48 za mtu mmoja, na watu 4 wataimaliza kwa siku 12.

Njia ya mwisho na ya uhakika zaidi ni kuliingiza jibu kwenye kisa kana kwamba lilikuwepo tangu mwanzo. Umri wa baba ni mara 3 ya umri wa mwanawe, na baada ya miaka 12 utakuwa mara 2. Mtoto ana miaka mingapi sasa? Anayejua milinganyo ataandika 3m + 12 = 2(m + 12), ambapo m ni miaka ya mtoto sasa, na kupata m = 12. Asiyejua anaweza kufikiri hivi: tofauti ya umri wa baba na mtoto haibadiliki maisha yao yote. Sasa tofauti hiyo ni mara 2 ya umri wa mtoto. Baada ya miaka 12, baba akiwa na mara 2 ya umri wa mwanawe, tofauti itakuwa sawa na umri wa mtoto wa wakati huo. Kwa hiyo katika miaka 12 umri wa mtoto utakuwa umeongezeka mara mbili, na hilo huwezekana tu kama sasa ana miaka 12. Tuhakiki: mtoto ana 12 na baba ana 36, na 36 ni mara 3 ya 12, baada ya miaka 12 mtoto atakuwa na 24 na baba 48, na 48 ni mara 2 ya 24.